Maisha Yaliyosomwa Nachingwea

Tarehe 12 Mei 1975, mchungaji wa Kipresbiteri mwenye umri wa miaka 49 alisimama mbele ya maelfu ya wapiganaji katika kambi ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, huko Nachingwea, kusini mwa Tanzania, akasoma habari za maisha yake. Kurasa zilikuwa kama ishirini. Ndani yake Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa chama hichohicho tangu kilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, alijikana, akaomba radhi, akaomba apelekwe kufunzwa upya. Alikuwa mfungwa na hakuwa na hiari ya kusoma au kutosoma. Sauti yake ilirekodiwa kwa Kireno, na rekodi hiyo bado inasikika.

Leo mwandishi akikuta wasifu wake una kosa kwenye Wikipedia, labda mwaka wa kuzaliwa si wake au amepewa kitabu asichokiandika, jambo la kwanza linalomjia ni kuingia na kurekebisha kwa mkono wake. Nani anayajua maisha yake kumshinda yeye? Kamusi elezo hiyo inamwambia avute subira: aonyeshe kosa lilipo, alete ushahidi uliochapishwa, kisha wahariri wengine waamue. Wengi huudhika, na ni haki yao kuudhika. Lakini yaliyopita Nachingwea yanaonyesha kwamba swali la nani asahihishe maisha ya nani lilikuwa zito miaka mingi kabla ya intaneti. Kauli ya mtu kuhusu maisha yake mwenyewe inaweza kuwa kweli tupu, na inaweza kuwa imetolewa kinywani mwake kwa mtutu wa bunduki. Anayeisoma baadaye anatofautishaje?

Mji wa Nachingwea ulikuzwa na hesabu za watu wa mbali. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka na kupendekeza karanga zilimwe kwenye ekari 3,210,000, sehemu kubwa zaidi ikiwa Jimbo la Kusini la Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, zikafuata Urambo na Nachingwea. Yakaja matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Reli ikatandikwa kutoka pwani kuingia bara, na Mtwara ikaanza kujengwa bandari ya kina kirefu. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikaachana na mradi huo, ikiwa imepoteza takriban pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, wakati karanga iliyotakiwa kupita hapo haipo. Reli ya Nachingwea nayo ilifungwa mapema miaka ya 1960, mataruma yakang'olewa.

Mkasa huo una maandishi mengi. Bunge la London liliujadili, magazeti ya huko yaliupigia kelele, na Alan Wood, aliyewahi kuusimamia upande wa habari, alitoa kitabu kuuhusu mwaka 1950. Mawaziri, majenerali na wakurugenzi walioshiriki wana wasifu wao hadi leo. Mmwera aliyeng'oa visiki, aliyelala kwenye kambi za vibarua, aliyeona shamba likifunguliwa na kuachwa, hana hata mstari. Hilo litarudi baadaye, kwa sababu ndilo linaloamua nani anaweza kudai marekebisho na nani hawezi.

Mradi ulipokufa yakabaki mashamba yaliyokwisha kufyekwa, majengo, barabara na uwanja wa ndege, karibu na Mto Ruvuma, mpaka wa Msumbiji, kuliko Kongwa au Urambo. FRELIMO ilianza vita dhidi ya Wareno tarehe 25 Septemba 1964. Wapiganaji wake walipitia kwanza Kongwa, ambako pia palikuwa mahali pa karanga, kisha kituo kikuu cha mafunzo kikawa Nachingwea, katika eneo ambalo hadi sasa linaitwa Farm 17. Samora Machel aliishi na kuongoza mafunzo hapo. Mwaka 1967 kundi la kwanza la wasichana lilifunzwa silaha kambini, miongoni mwao Josina Muthemba, aliyeolewa na Machel mwaka 1969 na kufariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25. Siku hiyo ni sikukuu ya wanawake nchini Msumbiji.

Kambi haikufundisha kulenga shabaha peke yake. Walioingia walitoka makabila mbalimbali na waliongea lugha tofauti. Walitakiwa kuacha nyuma ukabila na mila zilizowatenganisha, waanze kujiona ni watu wa taifa moja. Mtu alisimulia mateso aliyoyapata chini ya Wareno, na masimulizi yake yakaingia katika habari moja kubwa ya wote. Kwa vijana wengi hilo lilikuwa jambo la heshima: kwa mara ya kwanza walisikilizwa. Ila habari ya wote ilikuwa na wasimamizi wake, na aliyesimulia vingine alihesabiwa adui.

Simango alikuwa na habari nyingine.

Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa kifurushi chenye bomu. Simango, makamu wake, alitarajia kushika nafasi ile. Aprili chama kikaamua uongozi uwe wa watu watatu: Simango, Machel na Marcelino dos Santos. Ushirika ule haukumaliza mwaka. Novemba 1969 Simango alitoa waraka kwa Kiingereza kuhusu hali ya kiza ndani ya FRELIMO. Humo aliwashutumu viongozi wenzake kwa upendeleo wa kimaeneo na kwa mauaji ya ndani kwa ndani, akataka baadhi yao wajiuzulu. Alieleza pia nafasi yake mwenyewe katika migogoro ile. Waraka ule ni wa mtu aliyekuwa vitani na wenzake, na haufai kupokewa kama hukumu ya mwisho. Hata hivyo ni maneno aliyoyachagua mwenyewe, akiwa na kalamu yake, akijua gharama yake. Alifukuzwa chamani, akaondoka Tanzania, na Mei 1970 Machel akawa rais wa FRELIMO.

Mwaka 1974 utawala wa Ureno ulipoporomoka, Simango alirudi Msumbiji na kushiriki kuanzisha chama cha kushindana na FRELIMO kwenye kura alizotumaini zingepigwa. Makubaliano ya Lusaka ya tarehe 7 Septemba 1974 yalikabidhi nchi kwa FRELIMO bila kura. Simango alikamatwa Malawi, akakabidhiwa kwa wenzake wa zamani na kuletwa Nachingwea. Humo walikuwamo wengine waliohesabiwa wasaliti, kama Joana Simeão na Lázaro Nkavandame, yule kiongozi wa Wamakonde wa Cabo Delgado aliyejisalimisha kwa Wareno mwaka 1969.

Kilichofuata ndicho kinachoipa Nachingwea mahali pake katika historia ya wasifu. Mtu aliyeandika maelezo yake mwaka 1969 alipewa maelezo mengine ayasome mwaka 1975, kwa nafsi ya kwanza, kwa sauti yake, mbele ya umati. Kwa sura ya nje ilikuwa ni mwenye maisha akisahihisha maisha yake. Aliyefuata maneno bila kujua hali ya msomaji angeandika kwamba Simango amekiri, basi. Siku 12 baadaye, tarehe 24 Mei, Machel alivuka Ruvuma kuanza safari yake ya ushindi hadi kusini, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Wafungwa walipelekwa M'telela, mkoa wa Niassa. Hawakurudi. Simango aliuawa bila kesi ya mahakamani, na mkewe Celina aliuawa baadaye. Kwa miaka mingi wasifu wa Simango uliopatikana kwa urahisi ulikuwa ule wa kurasa ishirini. Mabadiliko yalikuja kidogokidogo: mwanzoni mwa miaka ya 2000 Barnabé Lucas Ncomo alitoa kitabu kwa Kireno kuhusu maisha yake, kikazua mjadala mkali Msumbiji. Watoto wa Simango, Daviz na Lutero, wakaingia siasa; Daviz alikuwa meya wa Beira na mwaka 2009 akaanzisha chama cha MDM. Leo kamusi elezo ya mtandaoni inasema wazi kwamba maungamo ya Nachingwea yalisomwa kwa kulazimishwa, na waraka wa 1969 unatajwa pamoja nayo. Marehemu hakuweza kuomba sahihisho hilo. Liliwezekana kwa sababu mtu mwingine alikaa miaka, akahoji watu, akakusanya hati na kuchapa kitu ambacho wengine wangeweza kukisoma na hata kukipinga.

Ukanda huu una mfano wa zamani zaidi, wa mtu aliyejiandikia akiwa huru. Tippu Tip, yaani mfanyabiashara wa pembe na watumwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, alitajwa vibaya na Henry Morton Stanley, ambaye alimtuhumu kwamba aliusaliti msafara wa kumwokoa Emin Pasha na akamfungulia kesi Zanzibar. Tippu Tip alirudi kutoka Kongo kuja kujitetea, na kesi ikafa. Baadaye, kwa kuhimizwa na Mjerumani Heinrich Brode, aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Yakachapishwa mwaka 1902 na 1903, muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1905. Ni maandishi makavu, yamejaa majina ya machifu, hesabu za pembe na habari za safari. Kwa mambo mengi yanamsahihisha Stanley vizuri. Lakini juu ya mateso ya mateka anapita haraka mno, na hapo mwenye wasifu hawezi kuwa shahidi pekee. Habari za upande ule zilihitaji kalamu nyingine, kama ya James Mbotela, aliyechapisha mwaka 1934 masimulizi ya mateka waliotolewa upande wa Ziwa Nyasa, baba yake akiwa mmoja wao. Na Mbotela naye amelaumiwa kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi. Ndivyo kazi hii inavyokwenda: mmoja anaandika, mwingine anarekebisha, wa tatu anawarekebisha wote wawili.

Tanzania huru ina sahihisho lake linalojulikana sana. Mwaka 1981 Chuo cha CCM Kivukoni kilitoa historia ya TANU. Mohamed Said, mwandishi aliyekulia Dar es Salaam, aliona wazee aliowajua wamefifishwa humo, hasa ukoo wa Sykes. Alipitia nyaraka za familia, akaongea na waliokuwa hai, na mwaka 1998 akachapisha London kitabu juu ya Abdulwahid Sykes, aliyeishi kati ya 1924 na 1968. Wapo wasomi wasiokubaliana naye juu ya uzito anaoupa mchango wa Waislamu. Lakini tangu kitabu hicho kitoke, atakayeandika habari za tarehe 7 Julai 1954, siku TANU ilipoanzishwa, na asimtaje Sykes atalazimika kueleza kwa nini.

Wikipedia yenyewe ilianza Januari 2001, na ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003, ikisukumwa na watu wachache wa kujitolea, mmoja wao mwandishi Mtanzania Ndesanjo Macha. Miaka minne tu baada ya kuanza kwake, ya Kiingereza ilipata aibu kubwa. John Seigenthaler, mwandishi wa habari mkongwe wa Marekani, aligundua mwaka 2005 kwamba wasifu wake ulimhusisha na mauaji ya John Kennedy na ndugu yake Robert, ambaye Seigenthaler aliwahi kumfanyia kazi. Mtu fulani aliuandika uongo huo kwa mzaha, ukakaa zaidi ya miezi minne. Seigenthaler aliandika gazetini kwa uchungu mkubwa, na kutokana na kisa hicho ikaja kanuni kali juu ya wasifu wa watu walio hai: jambo lenye kumchafua mtu na lisilo na chanzo cha kuaminika huondolewa mara moja, bila kungoja mjadala.

Mwaka huohuo wa 2005 ilibainika kwamba Jimmy Wales, mwanzilishi wa Wikipedia, alikuwa amehariri ukurasa wake mwenyewe, akipunguza maneno yaliyompa Larry Sanger nafasi ya mwanzilishi mwenza. Wales alijutia. Visa hivyo viwili vinaeleza kanuni ilivyo: cha kwanza kinaonyesha kwa nini mwenye maisha asikilizwe upesi, cha pili kwa nini asiachiwe kalamu peke yake.

Kisha mwaka 2012 akaja Philip Roth, mwandishi wa riwaya wa Marekani. Ukurasa wa riwaya yake ya mwaka 2000 ulisema mhusika mkuu inadaiwa alitokana na mhakiki Anatole Broyard. Roth akasema sivyo: chimbuko ni kisa cha rafiki yake Melvin Tumin, profesa wa Princeton. Aliomba sentensi iondolewe. Akajibiwa kwamba mwandishi ni mjuzi mkuu wa kazi yake, lakini kamusi inahitaji chanzo kingine kilichochapishwa. Septemba mwaka huo Roth alichapisha barua ndefu ya wazi katika jarida la New Yorker, na barua yenyewe ikawa chanzo; ukurasa ukarekebishwa na kuitaja. Wengi walicheka jibu alilopewa Roth. Kwa aliyeisikiliza rekodi ya Nachingwea, jibu lile lina maana. Wahariri hawakumwona Roth uso kwa uso. Hawakuweza kujua anayeandika ni yeye au mtu anayejifanya yeye, wala kama anasema kwa hiari. Walichoweza kukiamini ni maandishi yaliyotoka hadharani kwa jina lake, mahali ambapo jamaa za Broyard nao wangeweza kujibu.

Kasoro ya mpango huo iko kwingine, na ndiyo inayowagusa watu wa Nachingwea na wa jirani yake Ruangwa. Roth alikuwa na New Yorker. Tuseme mwalimu wa Ruangwa ametunga riwaya ya Kiswahili, ikasomwa, mtu akamwandikia ukurasa na kukosea: amemzalisha Masasi, amempa shule asiyosoma. Mwalimu atafungua ukurasa wa majadiliano, ajitaje kuwa ndiye mhusika, anakili sentensi yenye kosa, aandike iliyo sahihi na aweke chanzo. Hapo kwenye chanzo ndipo atakapokwama. Cheti cha kuzaliwa hakikubaliki, kwani ni hati binafsi isiyochapishwa. Gazeti halijawahi kumhoji. Mchapishaji wake hakuweka maelezo ya mwandishi kwenye jalada la nyuma, au aliweka mistari miwili. Sahihisho lake ni la kweli na bado halina pa kushika.

Ruangwa imeingia kwenye kurasa hizo kwa njia za siku hizi: Kassim Majaliwa, aliyeingia bungeni kwa jimbo hilo mwaka 2010 na kuwa Waziri Mkuu Novemba 2015, na Namungo, timu iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20. Siasa na mpira vina waandishi wa habari wanaovifuata kila siku, hivyo vyanzo havikosekani. Mtunzi wa mashairi, fundi wa kuchonga au mwanahistoria wa kijiji hana bahati hiyo. Wala si lazima angoje Dar es Salaam. Maelezo kamili ya mwandishi kwenye jalada, mahojiano katika gazeti la mkoa, tasnifu ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu iliyowekwa maktaba, kitabu kidogo cha historia ya shule chenye jina la mchapishaji na mwaka: vyote hivyo ni vitu ambavyo mhariri wa mbali anaweza kuvitaja. Wachapishaji wa Kiswahili wanaotoa kitabu bila kusema mwandishi alizaliwa wapi na lini wanamnyima kitu atakachokihitaji miaka thelathini baadaye.

Hali hiyohiyo inawakuta waliokuwa jirani na kambi. Wageni wa Farm 17 wameandikwa: Machel ana wasifu kadhaa, Josina ana sikukuu, Simango amepata kitabu. Wakulima wa vijiji vilivyoizunguka waliishi miaka kumi na jeshi la nchi nyingine mlangoni mwao, wakajifunza kunyamaza kuhusu waliyoyaona. Mei 1975 walikuwapo. Nini walichokisikia kuhusu wafungwa, nani aliwaona wakishushwa, malori yalielekea wapi, ni habari ambazo watafiti wa Msumbiji wamezitafuta zaidi upande wao wa Ruvuma.

Aliyekuwa na miaka ishirini Nachingwea mwaka 1967 anakaribia themanini sasa. Kinasa sauti cha simu kinatosha kuanza: jina, kijiji, mwaka, alikuwa akifanya kazi gani, aliona nini kwa macho na nini alisimuliwa. Kisha anasomewa yaliyoandikwa, anarekebisha mwenyewe akiwa nyumbani kwake, anatia sahihi, na nakala inachapwa na kupelekwa maktaba ya mkoa Lindi.